Kibodi Iliyolambwa na Nyuki

Baba yangu aliamua kusikiliza historia yake ya mazishi akiwa hai.

"Nimezika watu wengi," aliniambia, "na kila jeneza nililolisindikiza lilikuwa na malaika ndani. Wezi wa mizinga tuliokuwa nao sijui wanazikwa wapi."

Kwetu mtu hafukiwi kabla historia yake haijasomwa. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akaugua, akatibiwa hapa na pale, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Huandikwa haraka haraka na mtoto aliyesoma, macho yamemvimba, huku kamati ya mazishi inapiga kelele za turubai na mchele. Ndiyo maana mlevi anatoka humo mpole na mkorofi anatoka mpatanishi. Baba hakuyataka hayo. Alitaka yake iandikwe polepole, isomwe mbele yake, na uongo usiwemo hata mmoja.

Mtoto aliyesoma ni mimi. Nafundisha Historia sekondari hapa Tabora mjini, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Mwaka mzima, kila mwezi, nilikwenda kijijini kwetu ng'ambo ya Sikonge na laptop yangu begini. Serikali inaiita kompyuta mpakato, lakini sijawahi kusikia mtu akiibiwa kompyuta mpakato. Nilikaa barazani, Baba akasema, nikaandika: mizinga yake ya magome huko porini, mwaka wa njaa, siku aliyomwoa Mama, ambaye alishatangulia zamani. Zikafika kurasa kumi na moja.

Kisha madaktari wakasema Baba afanyiwe operesheni, ile ya wazee wa kiume ambayo binti akitajiwa anaangalia dari. Alazwe Jumatatu, hospitali ya mjini.

"Nitaisikia Jumapili asubuhi kabla hatujaondoka," Baba akasema. "Wakinikosea kule, sitaki niende sijui mmeniandika nini."

Nilimwambia aache maneno ya kifo. Lakini moyoni nilikuwa na haraka kuliko yeye, na sababu yake ilikuwa ukurasa wa tisa.

Wiki mbili kabla, shangazi yangu, dada yake Baba anayeishi naye pale nyumbani, alinisimulia jambo tukiwa jikoni tunabangua karanga. Nilipokuwa kidato cha tatu nilipata mimba, nikafukuzwa shule. Enzi zile, kanisani kwetu, majina ya waliotengwa na ushirika yalisomwa hadharani, na msomaji alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka ule mzee huyo alikuwa Baba. Muda mfupi baadaye alipoteza uzee wa kanisa, na sisi watoto tukakua tukijua sababu: wanzuki, pombe ile ya asali. Kijiji kizima kilijua. Baba mwenyewe hakukanusha. Mimi, kwa kiherehere changu, nikiwa tayari mwalimu mwenye mshahara, niliwahi kumsema mbele ya wageni kwamba alibadilishana kiti cha kanisani na kibuyu. Alicheka tu. Na kwenye kurasa zile kumi na moja, yeye aliyekataza uongo, aliniambia niandike: "Uzee wa kanisa aliuacha kwa sababu ya wanzuki." Nikaandika kwa vidole vyangu hivi.

"Wanzuki gani!" Shangazi akatema ganda la karanga. "Walimpa karatasi ya majina asome. Jina lako lilikuwemo. Akaiweka mezani, akarudi kukaa nyuma. Ndiyo basi."

Nilirudi Tabora nimejikunyata kama mwizi. Siku ileile nilifuta ile sentensi ya wanzuki, nikaandika aya moja mahali pake. Kumwambia Baba uso kwa uso nisingeweza. Baba yetu hashukuriwi kwa mambo ya namna ile. Ukianza tu, anauliza kama mbuzi wamefungwa. Lakini kwenye historia asingeweza kunikatisha, kwa sababu angekuwa, kwa utaratibu wa shughuli, amekwisha kufa.

Basi, hilo ndilo lililokuwa ndani ya laptop. Sasa njoo uone nilivyolitunza.

Alhamisi ya wiki ile nilikwenda kuchukua karatasi zake za hospitali. Laptop nilikuwa nayo, kama ilivyo desturi ya mwalimu anayetaka ijulikane kwamba anayo. Wakati wa kuondoka Baba akanipa asali ya kumpelekea mjukuu wake, binti yangu, yule yule wa mimba ya kidato cha tatu, ambaye leo ni muuguzi katika hospitali hiyo na ndiye aliyemtafutia babu yake kitanda. Asali ilikuwa kwenye dumu la njano, imefika mabegani tu, na mdomoni imezibwa na gunzi la muhindi.

"Mbichi hiyo, inapumua," Baba akasema. "Ishike mkononi."

Jamani, gunzi! Mwalimu wa sekondari, na mkoba wake, na miwani yake, amepakata gunzi. Nilipofika stendi ya Sikonge nikanunua chupa mbili safi za maji, nikamwaga maji, nikajaza asali hadi mdomoni pasibaki hata nafasi ya sisimizi, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, nikazipanga begini ubavuni mwa laptop. Dumu na gunzi lake nikamwachia mama ntilie. Begi nikaliweka dirishani, juani.

Kabla hatujafika Tabora ikalia paa! Dereva alisimamisha gari, akashuka kukagua matairi. Yalikuwa mazima yote. Abiria wa nyuma yangu akanigusa bega, akaniambia kwa upole mkubwa, "Mama, begi lako linatoa udenda."

Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu kutoka huku hadi pwani kwa miguu, mabegani, miezi na miezi, na mzigo ukafika. Mjukuu wao nimeshindwa na chupa ya asali, nimekaa kwenye kiti, kwenye lami.

Nyumbani nilipangusa, nikainamisha, nikapangusa tena. Nikaiwasha. Ikawaka, sifa kwa Mungu. Ikaniomba nywila. Kabla sijagusa chochote, vidoti vikaanza kujaa vyenyewe kwenye kile kisanduku, kimoja, kumi, mstari mzima. Kitufe cha M kilikuwa kimezama na hakikutaka kurudi juu. Vya jirani yake, safu ya chini upande wa kulia, ukivibonyeza vinashuka kwa uchovu na kupanda kesho yake. Nikifuta vidoti, M anajaza vingine. Nikaizima, nikaiwasha. M yupo. Nikaikung'uta. M yupo.

Nikampigia Baba simu.

"Baba, asali yako imeniulia laptop!"

Nikamsikia anapumua.

"Gunzi liko wapi?" akauliza.

Nikamkatia simu. Ndiyo, nilimkatia simu baba yangu, mgonjwa, siku nne kabla ya kisu. Nikakaa kitandani nikalia, na sikuwa nalilia kibodi.

Ijumaa niliipeleka laptop shuleni. Nilikosea, kwa sababu ofisi ya walimu haina mtu asiyejua. Mwalimu wa Jiografia alisema iwekwe juani. Wa Uraia alisema isiwekwe juani kabisa, ifukiwe kwenye mchele, simu yake iliangukia chooni na mchele ndio ulioiokoa. Wa Dini alisema tutulie kwanza. Wa Kemia alileta spiriti, akaipaka, akanusa kidole, akasema inahitaji muda. Nikanunua kilo mbili za mchele nikaifukia. Baada ya vipindi viwili niliifukua, na punje zilikuwa zimeganda kwenye asali, nyingine zimeingia katikati ya vitufe. Nilikuwa nimefika na laptop mbovu. Sasa nilikuwa na laptop mbovu yenye wali.

Tukamwita mwalimu wa kompyuta. Huyu namheshimu, kwa sababu anafundisha kompyuta kwa chaki. Shule ina kompyuta moja, iko kwa mkuu, na mkuu ameifunika kitambaa cha kufuma. Akaja amekunja mikono ya shati.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Nimejaribu."

"Labda ni herufi na namba zimebadilishana. Au kuna mpangilio unaochelewesha vitufe, ukishikilia shifti muda mrefu unajiwasha wenyewe."

"Mwalimu, ni asali."

"Huwezi kujua," akasema. Akaizima, akaiwasha.

Kisha, nimpe haki yake, akapata wazo la maana. Akaenda kuazima kibodi ya nje kwa mkuu, ile ya chini ya kitambaa, akaichomeka pembeni. Ikafanya kazi vizuri sana. Nikaandika herufi ya kwanza ya nywila, na M akaongeza zake thelathini. Kibodi mpya ilikuwa inaandika, na ya zamani ilikuwa inaandika, kama vile kwaya mbili kwenye msiba mmoja.

Mchana nikaenda kwa fundi, kibanda chake kiko karibu na soko. Akaipokea, akainusa.

"Asali ya Sikonge hii," akasema kwa heshima.

"Utaiweza?"

"Kibodi imekufa, mama. Tuagize Dar. Wiki mbili."

Nilimwambia sina wiki mbili, nina hadi Jumapili. Akasema basi ajaribu. Akang'oa kwa ukucha vitufe sita vya upande wa kulia, vikaruka kama mbegu za tikiti, akavitia kwenye bahasha. Chini yake kukaonekana asali imekaa, ya dhahabu, imetulia, na punje nne za mchele. Akasema anaweza kuifungua yote akachomoe waya wa kibodi kwa ndani, ila waya ni mwembamba kama utepe na ukikatika tusilaumiane. Halafu akatoa bisibisi. Mimi nimeshonesha nguo maisha yangu yote, naijua bisibisi ya cherehani nikiiona. Nikamnyang'anya laptop yangu, nikachukua na bahasha yangu, nikaondoka. Aliniita "mama, mama, hasara!" hadi nilipokata kona.

Najua mtu atauliza kwa nini sikuchukua kalamu nikaandika upya. Shangazi naye aliuliza kwa simu, tena kwa sauti. Ijumaa hiyo jioni nilichukua kalamu. Kurasa kumi na moja za maneno ya mwaka mzima hazikuwa kichwani mwangu, zilikuwa kwa Baba na kwa mashine. Nikasema sawa, niandike basi ile aya moja tu. Niliandika "mwaka ambao binti yake" nikakoma. Mara ya kwanza iliandikwa na hasira na aibu za siku ile. Sasa nilikuwa nimeongeza aibu mpya juu yake, ya simu niliyoikata, na mkono ukagoma.

Jumamosi asubuhi nikaenda kijijini na laptop yangu kwenye ungo, nimeifunika kitenge.

Baba alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake cha kamba. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Ananiita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Lakini siku hiyo hakuongeza neno. Aliangalia ungo, akaangalia porini. Shangazi akanipokea mizigo akanong'ona kwamba tangu Alhamisi hata chakula hali vizuri, na kwamba wewe mtoto una mdomo.

Nikakumbuka ushauri wa Jiografia. Jua la kiangazi lilikuwa kali, miti imekauka, hakuna ua hata moja porini. Nikaiweka laptop kwenye kigoda uani, nikaifunua wazi, ikauke. Nikaingia kunywa uji.

Nyuki wa kwanza alikuja mmoja. Shangazi alimwona akamfukuza kwa ncha ya khanga. Wa pili wakaja saba. Tulipotoka na bakuli la uji, laptop haikuonekana. Kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kulikuwa na kitu cheusi kinachotembea bila kwenda popote na kuunguruma.

"Mungu wangu!" Shangazi akapiga yowe. Kuku wakatawanyika. Mbuzi aliyefungwa karibu akakata kamba, kamba ambayo kwa miaka miwili hakuwahi kuijaribu.

Saa hiyohiyo akaingia mgeni. Alikuwa mzee wa kanisa, yule aliyeshika kiti cha Baba tangu mwaka ule, amekuja na Biblia na mwavuli kumwombea mgonjwa. Nilimwamkia, naye akaanza na jambo lake palepale uani, hajatazama kigoda.

"Nasikia mnaandika historia ya mzee. Ni vizuri. Ila kanisa hupenda kuipitia kwanza, tusije tukasoma mambo ya ajabu."

"Bado sijafa," Baba akasema kutoka barazani.

Mgeni akafungua mwavuli kujikinga jua. Ule mwavuli ulipofunguka puu, kigoda kikajibu. Sijawahi kumwona mzee wa rika lile akikimbia vile. Biblia hakuiachia, hilo nalishuhudia. Mwavuli aliuachia, na kiatu kimoja. Alijitosa kwenye jiko la nje akafunga mlango, na Shangazi akiwa humo tayari pamoja na kuku wote. Nyuki mmoja alikuwa amemwahi sikioni. Sisemi nilifurahi. Lakini pia sisemi nilisikitika.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa sebule, naangalia kwa upenyo. Nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Baba alikuwa anacheka. Alicheka akashika tumbo, lile lile la operesheni, machozi yakamtoka.

"Fuata nyuki ule asali," akasema. "Wewe umewafanya wakufuate hadi nyumbani."

Kisha akasimama. Akashuka barazani polepole, kwa sababu ya ugonjwa na kwa sababu ndivyo anavyotembea kwa nyuki. Hakupunga mkono, hakujifunika. Akakiinua kigoda na vyote vilivyokuwa juu yake, akavuka ua akipita mbele ya jiko, mbele ya mwavuli uliolala chali, akaenda kukiweka mbali kule miti inapoanzia. Wengine walimtambaa mikononi. Nyuma ya mlango nikawaza, huyu ndiye niliyemkatia simu.

Akarudi akaketi.

"Waacheni wachukue chao," akasema. "Asiguse mtu mpaka jua lipoe."

Hiyo ndiyo kazi yao siku zote. Warina asali wa kwetu wakishakamua hawaoshi vyombo. Sufuria na masega yenye mabaki huwekwa nje, mbali na nyumba, nyuki wakayarudia. Wakimaliza, huwezi kuona hata alama. Nimekua nikiona hivyo tangu utoto, na nimesoma hadi chuo, na haikunijia hata mara moja. Nilikwenda kwa mwenye chaki.

Mzee wa kanisa alikaa jikoni kwa muda wa saa mbili na nusu. Tulimsikia Shangazi akimpa chai na habari.

Jua lilipopoa nyuki waliondoka kwa mpangilio, kama wafanyakazi wa serikali saa tisa na nusu. Tukakiendea kigoda. Jamani, waliisafisha! Pale vitufe sita vilipong'olewa palikuwa pakavu, pamelambwa hadi ndani ya vijitundu. Punje za mchele zilikuwa zimebaki peke yake, safi, waliziona si zao. Nikavirudisha vitufe kutoka kwenye bahasha, kimoja kimoja, tak, tak, tak. M akashuka, akapanda.

Jumapili, chai ilipokwisha, tukakaa barazani sisi watatu, Baba, Shangazi na mimi. Gari ingekuja saa sita. Niliwasha laptop. Kisanduku cha nywila kikatokea, kitupu, kinasubiri. Nikaandika. N ilitaka kubonyezwa kwa hasira, na hasira ninayo. Ikafunguka.

Nikasoma. Baba alifumba macho, hata akifumbua maandishi ya skrini hayaoni. Kila baada ya muda alininyooshea kidole.

"Ongeza hapo, mzinga mmoja ule wa kwanza niliuiba."

Nikaongeza.

"Ongeza kwamba mama yako alijua."

Nikaongeza. Shangazi akasema "Yesu wangu" akaendelea kuchambua maharage. Nikafika ukurasa wa tisa. Nikasoma bila kuinua kichwa:

"Mwaka ambao binti yake alifukuzwa shule akiwa mjamzito, marehemu alikabidhiwa karatasi ya majina aisome mbele ya kanisa. Jina la binti yake lilikuwemo. Aliiweka karatasi mezani, akarudi kukaa benchi la nyuma, na hakurudi tena mbele. Watu walisema ni wanzuki, naye akawaacha waseme. Baadaye aliuza asali misimu mitatu ili binti huyo afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Binti huyo alimsema vibaya kwa sababu ya wanzuki, mbele ya wageni, na hakuwahi kumwomba radhi. Ndiye anayesoma historia hii."

Maharage yakaacha kulia kwenye ungo. Baba alifumbua macho.

"Nani kakwambia?"

Shangazi akagundua kwamba kuna kitu kinaungua jikoni, akaondoka. Hakukuwa na kitu kinachoungua.

"Futa," Baba akasema.

"Baba..."

"Futa hiyo, mama. Siku hiyo watu watajaa. Utasimama pale mbele, nao watakaa wakikuhesabia miezi. Na yule wa jana atakuwa amekaa karibu yako. Ile karatasi niliyoiacha, yeye ndiye aliyeiokota akaisoma. Ana wajukuu sasa. Futa, andika wanzuki."

Alikuwa ananiambia niandike uongo ili mimi nisionekane. Tena. Hata kaburini alitaka kwenda amebeba kile kibuyu cha wanzuki mgongoni ili mimi nipite na mkoba wangu na miwani yangu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

"Hakifuti, Baba."

"Nini?"

"Kitufe cha kufuta kimekufa. Vingine vimepona, hicho kimekufa."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

"Nyuki wangu wamepaponya kote, wakashindwa hapo."

"Wameshindwa, Baba. Ukishaandika, basi."

Akanitazama. Mwalimu mzima, jasho linanitiririka puani, nimeishika laptop kwa mikono miwili asije akasema nimwonyeshe.

"Na Alhamisi," nikasema kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuzama, "vifuniko nilivikaza mimi. Gunzi nililiacha stendi. Kosa lilikuwa langu, nami nikakukatia simu. Nisamehe, Baba. Hilo na yale mengine."

"Gunzi najua," akasema. Akauliza kama mbuzi amefungwa. Nikasema amefungwa. Akafuta uso kwa kiganja, kutoka paji hadi kidevu.

"Basi ongeza chini yake," akasema. "Na wanzuki pia alikunywa. Isije ikawa uongo."

Nikaongeza. Saa sita gari ikaja.

Operesheni ilikwenda salama, mjukuu wake akimgeuza na kumlisha uji na kumfokea kama muuguzi yeyote. Sasa yuko nyumbani, amerudi kwenye mizinga yake, na sisi tumekatazwa kumshauri. Naendelea kwenda kila mwezi. Asali naibeba kwenye dumu lenye gunzi, nimelipakata mapajani safari nzima, na anayetaka kunitazama anitazame.

Kitufe cha kufuta ni kizima kabisa. Hakijawahi kuugua. Nakitumia kila siku kufuta makosa yangu kwenye mitihani ya kidato cha nne. Katika historia nzima ya baba yangu hakuna uongo hata mmoja. Uongo niliusema nje yake, na yeye kila nikienda ananiuliza habari zake.

"Kile kitufe kimepona?"

"Bado, Baba. Kipuri hakijafika."

Mwezi uliopita aliuliza tena, nikamjibu vilevile, nikaongeza kwa kujitia mjuzi kwamba nafikiria kumpelekea tena yule fundi wa sokoni akiangalie. Baba alikuwa anachonga gunzi kwa kisu, analipima kwenye mdomo wa dumu.

"Huyo fundi," akasema bila kuniangalia, "akikikuta kizima, mwambie naye anyamaze."